Babu mmoja, majina matatu: utajuaje kama ni yeye?

Nalifupisha swali maana lilikuja refu. Msomaji anamtafuta baba yake babu, mzee ambaye kwao wanamjua kwa jina moja tu, Yohana, alikuwa pande za Usambara. Ameshapata karatasi tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa rejista ya ubatizo wa misheni ya Kikatoliki mwaka 1911, imeandikwa Joannes, umri kama miaka 20, baba Dschuma, mahali Wilhelmstal. Ya pili ni karatasi ya kazi ya shamba la mkonge mwaka 1934, Juhana Juma, miaka 30. Ya tatu ni hukumu ya kesi ya shamba mwaka 1958, Yahaya bin Juma. Shangazi zake wanasema hao ni watu watatu na aache kumaliza nauli, yeye moyo unamwambia ni mtu mmoja. Anauliza nani yuko sahihi, na atawafikiaje waliomtangulia huyo Yohana.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nianze na jibu halafu ndo nieleze. Karatasi ya kwanza na ya pili zinaweza kabisa kuwa za mtu mmoja, tofauti ya majina hapo hainisumbui na hata ile ya umri hainisumbui sana. Ya tatu bado. Sijasema siyo yeye, nasema hujawa na ushahidi, una hamu tu, na hamu ndo inayofanya watu wanaunganisha wazee wawili wasiojuana halafu watoto wao wanarithi ukoo wa watu wengine. Kwa hiyo shangazi zako wamekosea kidogo na wewe umewahi kidogo.

Kitu ninachotaka ukishike katika haya yote ni hiki: jina kwenye karatasi ya zamani linakwambia kwanza habari za aliyeshika kalamu, habari za mwenye jina zinakuja baadaye. Mzee wako inawezekana kabisa hakuwahi kuliona jina lake likiandikwa. Alilitamka, mtu mwingine akalisikia kwa masikio ya lugha yake, akaliandika kwa tahajia ya shule aliyosoma yeye. Hata Kiswahili chenyewe tahajia yake ilianza kusanifiwa rasmi mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kabla ya hapo kila misheni na kila ofisi iliandika ilivyoona. Kwa hiyo ukikutana na jina lolote uliza huyu aliyeandika alikuwa nani, lugha yake ya nyumbani ipi, na alikuwa anaandika kwa kazi gani.

Tuchukue hiyo Dschuma. Ni Juma, hakuna fumbo hapo. Mjerumani herufi j anaisoma kama y yetu, kwa hiyo akitaka sauti ya j ya Juma inabidi aunganishe dsch, ndo maana kwenye ramani zao unakuta Kilimandscharo na Udschidschi. Sh yetu kwao ni sch, ndo Moschi na Aruscha. Ch ni tsch. Z yao inasomeka ts, kwa hiyo z yetu waliiandika s mara nyingi na Mwanza ikawa Muansa, halafu s yetu ya mwanzo wa neno wakaiwekea s mbili ili isije ikasomwa z, Songea ikawa Ssongea. Sasa peleka hesabu hiyo kwenye majina ya watu: Shabani anaweza kuwa Schabani, Saidi akawa Ssaidi, Waziri akawa Wasiri, Yusufu akawa Jussuf, Chande akawa Tschande. Ukitafuta kwenye faharasa ya Wajerumani chini ya herufi C hutamuona Chande hata ukae siku nzima, yuko kwenye T.

Na angalia Yohana mwenyewe anavyoteleza. Mjerumani akiandika Johana anamaanisha Yohana hasa, kwa y. Vita kuu ya kwanza inaisha, Mwingereza anashika nchi, karani wa Kiingereza anaikuta hiyo Johana anaisoma kwa j ya kwao, anaitamka hivyo, mwingine anasikia anaandika Juhana. Hakuna aliyedanganya hapo na hakuna aliyebadili jina. Ni kalamu tatu. Ndo maana karatasi yako ya pili hainishtui.

Joannes nalo ni Kilatini tu. Mapadre wa Kikatoliki walijaza rejista kwa Kilatini, na sehemu nyingi waliendelea hivyo mpaka karibu na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule wa 1962 hadi 1965. Kwa hiyo Yohana ni Joannes, Petro ni Petrus, Yakobo ni Jacobus, Fransisko ni Franciscus. Hapa kuna jambo nimeona linapoteza watu wengi sana: Kilatini kinabadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake kwenye sentensi. Ukiona filius Petri maana yake ni mtoto wa Petro, siyo mtoto wa mtu anaitwa Petri. Joannis ni wa Yohana, Josephi ni wa Yosefu. Nimeshaona michoro ya ukoo ina Petrus na Petri kama kaka na mdogo wake, wakati ni mzee mmoja kaandikwa mara mbili.

Halafu padre naye ana lugha yake nje ya Kilatini. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza Bagamoyo mwaka 1868 na White Fathers waliokuja muongo mmoja baadaye, mambo yao mengi ya mwanzo yako kwa Kifaransa, na Mfaransa sauti ya u anaiandika ou na sh anaiandika ch. Wamisionari wa Consolata walioingia Ukikuyu mwaka 1902 walitoka Italia. Kwa hiyo Yohana yule yule anaweza kuwa Joannes kwenye rejista, Jean au Giovanni kwenye shajara ya misheni, Johannes kwenye barua ya serikali ya Kijerumani, Yohana nyumbani na John kwenye vitambulisho vya wajukuu. Kaa uandike orodha ya sura zote ambazo jina la mzee wako lingeweza kuvaa kabla hujaenda kwenye nyaraka, ukienda na sura moja tu utarudi mikono mitupu halafu useme hayupo.

Maandishi yenyewe pia. Wajerumani wa wakati ule walikuwa na mwandiko wao wa mkono unaitwa Kurrent, una e inayofanana kabisa na n, u inawekewa kialama juu ili isichanganywe na n, na s ndefu ambayo asiyeizoea anaisoma f au h. Mtu akikunakilia kwa kuangalia tu anakuletea jina ambalo halijawahi kuwepo duniani. Kwa hiyo usikubali kuandikiwa upya, omba kupiga picha ya ukurasa wenyewe, mzima, pamoja na pembeni.

Pembeni hapo nataka nikae kidogo, maana ndo dhahabu ilipo na umenitumia picha iliyokatwa. Kutokana na agizo la Papa Pius wa Kumi, lililoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, mtu akifunga ndoa Kanisani ilibidi taarifa irudishwe kwenye parokia aliyobatizwa, iandikwe kwenye mstari wake wa ubatizo. Mzee wako kabatizwa 1911, agizo lilishaanza. Kama alioa Kanisani, hata kama alioa mbali kabisa, kuna uwezekano mzuri pembeni ya jina lake pameandikwa ameoa lini, wapi, na nani. Ukipata hiyo una parokia ya pili, na rejista ya ndoa ya huko ina wazazi wa pande zote na mashahidi. Kipaimara nacho mara nyingi kimeandikwa hapo hapo. Watu wanapiga picha jina na tarehe wanaacha pembeni, naumia kila nikiona.

Kwenye mstari huo huo angalia mama. Sijui kwa nini hukuniandikia jina la mama yake Yohana, labda hukuliona la maana, lakini kwangu lina uzito kuliko la baba. Kina Juma walikuwa wengi kila kijiji, huwezi kujenga kitu juu ya Juma. Mama kwa kawaida anakuwa na jina la kwao, la kabila, halijapita kwenye misheni wala kwa karani, na rejista za Kikatoliki mara nyingi zinamtaja. Ni sehemu moja kati ya chache sana ambapo mwanamke wa wakati ule ameandikwa kwa jina lake. Kwenye kodi hayupo, kwenye kazi hayupo, mahakamani ni mke wa fulani, kaburini mama fulani. Vizazi vizima vya bibi zetu vimebaki kwenye kisafu kimoja cha rejista ya ubatizo wa watoto wao, kwa hiyo kikague kwa heshima na ukiandike jinsi kilivyo, herufi kwa herufi. Likitokea jina lile lile la mama kwenye karatasi nyingine yoyote, hapo ndo tunaanza kuongea kuhusu mtu mmoja.

Na msimamizi wa ubatizo usimruke. Kwenye misheni changa msimamizi mara nyingi alikuwa katekista, huyo atakuja kwenye kila mstari na hakusaidii sana, ila akiwa mtu mwingine, hasa akijirudia kwenye ndoa ya mzee na kwenye ubatizo wa watoto wake, basi ni ndugu au rafiki wa damu na inabidi umfuatilie kama unavyomfuatilia Yohana.

Twende kwenye mkonge. Mkonge uliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka ya thelathini mashamba ya Tanga yalikuwa yamejaa watu wa kila upande, kutoka Songea, Ufipa, Kigoma, mpaka Ruanda-Urundi. Waliokuja kwa mkataba wakaitwa manamba kwa sababu mtu alikuwa namba, na jina kwenye karatasi lilikuwa la kumtofautisha kwenye malipo tu, karani hakuwa na haja ya kuliandika vizuri. Karani huyo mara nyingi alikuwa wa kabila lingine kabisa, kama lugha yake haitofautishi l na r basi majina yote yanapita humo yanageuka. Kuna na kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi, kila siku ukifanya inawekewa alama, ikijaa ndo unalipwa. Watu waliazimana vipande. Kukimbia mkataba lilikuwa kosa la kushtakiwa, kwa hiyo aliyetoroka shamba moja akiandikishwa shamba lingine alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutoa jina tofauti, na tusiwalaumu. Maana yake kwako ni kwamba karatasi ya kazi inaweza kuwa na jina sahihi la mtu asiye sahihi, au jina la uongo la mtu sahihi. Safu ya kabila nayo ichukue kwa tahadhari, iliandikwa kufuatana na alikoandikishwa au kabila ambalo karani analifahamu la karibu.

Kuhusu umri, ukifuata ubatizo alizaliwa kama 1891, ukifuata mkonge ni kama 1904, tofauti miaka 13. Kwa watu wa cheti cha hospitali hiyo ingekuwa mwisho wa mjadala, kwa wazee wetu hapana. Padre kakadiria, neno circiter kwenye rejista ni kama tu unavyosema kwa Kiswahili, kama miaka 20. Karani kaangalia uso. Na ona umri wenyewe, 20 na 30, namba za mviringo, ukipitia ukurasa mzima utaona watu wamejaa kwenye 20, 25, 30, 40 na hakuna mwenye 23. Mimi tarehe za makadirio naziamini kwa kupishana mpaka miaka kumi kwa mtu mzima, na nikiona kumi na tano naanza kusita. Kwa hiyo yako iko kwenye mpaka, inahitaji kitu cha kuibeba.

Cha kuibeba ni matukio. Waulize wazee kwa matukio, usiwaulize mwaka. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 alikuwa mtoto au kijana? Wajerumani walipokuwa wanaondoka alikuwa ameoa? Mafua makubwa ya 1918 aliuguza watoto wake mwenyewe au alikuwa bado kwa baba yake? Kama alikuwa na mke na mtoto wakati wa vita ya 1914 hadi 1918, basi ile 1904 inaanguka yenyewe na ubatizo unabaki umesimama. Kwa wasomaji wa Kenya mna bahati zaidi, jamii kama Wakikuyu na Wakalenjin rika la jando lina jina, na jina la rika, hasa kwa Wakikuyu, linakupa miaka ya kutahiriwa karibu zaidi kuliko karatasi ya karani.

Sasa Yahaya bin Juma. Nabii Yahya wa Waislamu ndiye Yohana Mbatizaji wa Wakristo, kwa hiyo njia kutoka Yohana kwenda Yahaya ipo wazi. Naona uwezekano wa aina tatu. Karani wa mahakama alikuwa Mwislamu, akasikia Yohana wa Juma akaandika kwa jinsi anavyomjua nabii huyo, na bin akaiweka yeye. Au mzee alihamia Uislamu, labda alioa huko, labda alirudi kwenye dini ya baba yake maana huyo baba anaitwa Juma, na hilo utalijua kama kaburi lake liko upande gani. Au ni mtu mwingine kabisa, na hapa mtu mwingine wa hatari siyo mgeni, ni ndugu yake, baba mmoja Juma, shamba la ukoo mmoja. Ukimchukua ndugu ukamfanya ndiye, kila kitu kitaonekana kimekaa sawa na utakuwa umekosea.

Jina peke yake haliwezi kuamua kati ya haya matatu, usijaribu kulilazimisha. Rudi kwenye kesi. Hukumu ni kurasa mbili tatu, ila kesi ya ardhi ina faili, na kwenye faili kuna mashahidi, majirani wa mipaka, kitongoji, nani alilima kabla yake, alirithi kwa nani. Kamata hao watu. Kama jirani wa mpaka wa kaskazini mwaka 1958 ni ukoo ule ule ambao shangazi zako wanautaja kuwa ulipakana na shamba la Yohana, kama shahidi mmojawapo ndo yule msimamizi wa ubatizo au mtoto wake, kama mke aliyetajwa ni yule wa pembeni ya rejista, basi hata angeandikwa jina gani ni yeye. Mtu anabadilishiwa jina na kila ofisi, lakini mke, majirani, shemeji na shamba vyote havibadiliki kwa mpigo mmoja. Hii ndo njia ya kazi hii popote, unamtambua mtu kwa watu waliomzunguka.

Kama unahisi nakuza mambo, mchukue mtu ambaye kila mtu anamjua. Jomo Kenyatta. Ukienda kwenye rejista ya misheni ya Waskoti ya Thogoto mwaka 1914 ukitafuta Jomo Kenyatta hutamkuta, kuna Johnstone Kamau. Kabla ya hapo ni Kamau wa Ngengi. Kenyatta ilikuja baadaye, Jomo baadaye zaidi, na tarehe yake ya kuzaliwa mpaka leo haijulikani kwa uhakika. Huyo ni rais. Mwalimu Nyerere naye alikua akiitwa Kambarage, Julius ni jina la ubatizo wake wa mwaka 1943, na Nyerere ni jina la baba yake, chifu Nyerere Burito, kwa hiyo anayetafuta ukoo wa kina Nyerere karne mbili nyuma kwa jina hilo anatafuta kitu ambacho hakikuwepo, ni jina la mzee mmoja lililogeuka la familia kwa kizazi kilichofuata.

Hilo la mwisho linahusu familia nyingi za Tanzania. Jina letu la tatu mara nyingi ni la babu, kwa hiyo kila kizazi linasogea. Baba yako na babu yako wana majina ya mwisho tofauti na ni sawa kabisa. Kwingine kuna utaratibu wake na lazima uujue kabla ya kuunganisha watu. Wajaluo majina mengi yanataja wakati wa kuzaliwa, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua, kina Otieno wawili kwenye faili moja hawana lazima ya kuwa ndugu. Wakikuyu wanarudisha majina ya mababu kwa mpangilio, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa la babu mzaa baba, kwa hiyo ukijua majina ya watoto kwa kufuatana unaweza kukisia majina ya wazazi wa baba na mama yao, na hiyo ni nguvu kubwa, lakini pia ndo inayozalisha Kamau wengi kwenye boma moja. Kwa Wakalenjin arap ni mwana wa, usije ukaitafuta kwenye A ukadhani ni jina.

Mahali nako kunabadilika jina kama watu. Wilhelmstal yako ni Lushoto. Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu. Kenya, Fort Hall ni Murang'a na Thomson's Falls ni Nyahururu. Kuna mtu alikuwa anatafuta babu aliyezaliwa Ujerumani kwa sababu aliona Bismarckburg.

Kuna jambo moja naliandika taratibu kwa sababu ni zito. Ukimfikia huyo Juma halafu nyuma yake ukakuta ukuta, hakuna ukoo, hakuna kijiji, jina ni la siku ya wiki au ni kama Mabruki, Baraka, Faraji, Majaliwa, basi uwezekano mmojawapo ni kwamba aliletwa pwani au Usambara kama mtumwa. Majina hayo yalibebwa na watu huru pia, kwa hiyo jina halithibitishi. Lakini waliokombolewa walipewa majina mapya mara mbili, mara ya kwanza na mabwana, mara ya pili na misheni, kama watoto waliokombolewa Bagamoyo au watu walioshushwa Freretown kule Mombasa kuanzia 1875. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wavumbuzi wa Kizungu bara, alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni akapelekwa India, na jina lililomfanya ajulikane duniani ni la mji aliofikia. Jina alilopewa na mama yake halimo kwenye vitabu vyao. Utumwa Zanzibar ulifutwa kisheria 1897, Tanganyika ikachelewa mpaka 1922, kwa hiyo siyo zamani sana, na kuna familia ambazo wazee wanakwepa maswali kwa sababu hii hasa. Shangazi zako wakikasirika ukiuliza kuhusu baba yake Juma, usisukume. Kaa, ongea mengine, rudi siku nyingine. Wana haki ya kunyamaza kuhusu kilichowaumiza, na wengi wakiona hutafuti aibu wanakwambia wenyewe.

Kuhusu pa kwenda. Parokia kwanza, na kama vitabu vya zamani vimehamishwa basi ofisi ya jimbo. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa ambako majalada ya Wajerumani yaliyobaki nchini yanatunzwa pamoja na ya Waingereza. Zanzibar wana za kwao Kilimani, zina hazina kubwa ya hati za Kiarabu, na humo kumbuka kwamba herufi za Kiarabu hazina p wala ch wala g kwa asili yake, kwa hiyo majina yetu yaliminywa humo pia, na tarehe ni za Hijria, mwaka ni kama siku 354, mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Wa Kenya wana nyaraka zao Nairobi, pale Moi Avenue, na kama mzee wenu alikuwa na kipande cha Kenya, kile cha alama za vidole kilichoanza kugawiwa baada ya vita ya kwanza, kitunzeni kama hati ya nyumba maana kina wilaya, chifu na waajiri wake. Faili za serikali ya Kijerumani zilizokwenda Ulaya ziko Berlin, lakini usijipe matumaini makubwa, humo wanaotajwa ni maakida na majumbe, yaani watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani, askari na walioshtakiwa, mkulima wa kawaida hayumo. Kwenye intaneti FamilySearch ni bure na wamekuwa wakirekodi nasaba za mdomo kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika, jaribu, ila miti ya ukoo iliyopandishwa na watu binafsi humo isome kama uvumi mpaka uone karatasi.

Weka daftari moja, kila karatasi ukurasa wake, andika jina kama lilivyoandikwa hata kama unajua limekosewa, chini yake andika nani aliandika na lini, halafu watu wote waliotajwa humo hata kama hawakuhusu. Ukiwa na wazo lako andika huenda mbele yake na usiifute hiyo huenda mpaka vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane. Hukumu iliyonakili jina kutoka kwenye karatasi ya kazi siyo shahidi wa pili, ni yule yule.

Kwa hiyo wewe fanya hivi, na kwa mpangilio huu. Kabla hujawaonyesha shangazi zako karatasi yoyote, waulize jina la mama yake Yohana, majina ya wake zake wote, na walipakana na nani shambani. Andika wanavyotamka, wote wawe mbali mbali, maana mmoja akishasoma karatasi atakumbuka kile kilichoandikwa. Halafu nenda parokia uombe kwa adabu ukurasa mzima wa 1911 pamoja na pembeni, na ubatizo wa watoto wowote ambao baba yao ni Joannes kati ya 1911 na 1925. Faili la kesi liwe la mwisho, na ukilipata anza kusoma orodha ya mashahidi, jina la Yahaya liache kwanza.